Pampu Inayokula Oili: Kubadili Sili ya Valvu Nyumbani

Leo hatutagusa mbegu wala mbolea. Tutazungumza juu ya ile injini ndogo ya petroli inayokupandishia maji kutoka ziwani, na hasa juu ya kitu kidogo sana kilichomo ndani yake: kipande cha mpira kisichozidi ncha ya kidole, kiitwacho sili ya valvu.

Utasema, mambo ya injini ni ya fundi. Ni kweli, lakini fundi yuko mjini na wewe uko Kayenze, au ng'ambo ya Sengerema, au kisiwani Ukara. Mwezi wa nane jua ni kali, mvua ulikwisha kuisahau, na nyanya zako zimeanza kutoa maua. Kwenye udongo wetu wa kichanga, siku chache tu bila maji katika kipindi hicho maua yanaanza kupukutika. Mtu amekopa fedha za mbegu na dawa, ameweka jasho lake la miezi miwili, halafu mavuno yanaharibika kwa ajili ya kipande cha mpira ambacho kwa kawaida bei yake ni ndogo kuliko lita moja ya oili.

Sasa tuanze na injini yenyewe. Pampu nyingi za inchi mbili na inchi tatu katika miambao yetu zinaendeshwa na injini ya silinda moja ya namna ya Honda GX160, au na ndugu zake waliotengenezwa China ambao mara nyingi huandikwa 168F. Honda walianza kuuza jamii hii ya GX mwaka 1983, na tangu hapo umbo lake limeigwa na viwanda vingi sana. Kwa hiyo maelezo ya leo yatakufaa hata kama pampu yako ina jina usilolijua, mradi valvu zake ziko juu ya silinda, chini ya kile kifuniko chenye boti ambacho mafundi wanakiita tapeti kava.

Injini hii inabeba oili kidogo mno, karibu lita 0.6 tu. Haina pampu ya oili ndani. Kuna kijiko kidogo kwenye konrodi ambacho kila mzunguko kinachota oili chini na kuirusha juu, na matone hayo ndiyo yanayolainisha kila kitu. Basi fikiri mwenyewe: ikipungua vikombe viwili vidogo vya kahawa, kijiko kinaanza kuchota hewa. Konrodi inakauka, inashika moto, inakatika, na mara nyingi inatoboa tumbo la injini. Hapo hakuna tena kutengeneza, unanunua injini nyingine.

Waliobuni injini hizi waliliona hilo, wakaweka swichi ya oili inayozima injini yenyewe oili ikipungua. Lakini wako wenzetu ambao injini ikizimika-zimika wanakata ule waya ili ipate kuendelea. Ndugu, ukiona pampu inanunuliwa mkononi na waya huo umekatwa, hiyo pampu iogope. Na kama ni wewe uliyeukata, uunge leo.

Tena kuna jambo la mteremko. Fukwe zetu ni za miamba na miteremko. Pampu ikilazwa upande kwa zaidi ya nyuzi 20 hivi, oili yote inakimbilia kona moja, na kijiko hakiifikii hata kama imejaa. Chimba sehemu iwe sawa, au panga mawe, ndipo uweke pampu.

Haya, oili inakwenda wapi? Ikiwa chini ya injini pakavu na hakuna mahali panapovuja, basi inaungua ndani. Injini ina valvu mbili. Moja inafunguka kuingiza hewa na petroli, iko upande wa kabureta. Ya pili inafunguka kutoa moshi, iko upande wa ekzosti. Kila valvu ina mguu mwembamba kama msumari, unaopanda na kushuka ndani ya kibomba cha chuma. Kibomba hicho mafundi wanakiita gaidi. Jina baya, lakini ndilo. Juu ya kibomba, huko kwenye tapeti kava, kuna oili imetapakaa kila mahali. Chini yake ni chumba cha moto. Pistoni inaposhuka inavuta kwa nguvu, na ingevuta oili pia kupitia kando ya mguu wa valvu. Kinachozuia ni sili, imevaa juu ya kibomba na kuukumbatia mguu wa valvu kama kola ya shati. Mpira huo ukikauka na kuwa mgumu kama ukucha, au ukipasuka, oili inateremka.

Kwa sababu hiyo, katika injini nyingi za namna hii sili iko kwenye valvu ya kuingiza tu, maana upande huo ndio wenye mvuto. Ukifungua ukakuta valvu ya kutoa moshi haina sili, usifadhaike na kudhani fundi wa zamani alikuibia. Nyingine, hasa za kuiga, zinazo pande zote mbili. Utajua ukishafungua.

Lakini usikimbilie kufungua. Wengi wanabadili sili ambayo haikuwa na kosa. Kwanza soma moshi.

Moshi mweusi si oili. Huo ni petroli kuzidi hewa. Chujio la hewa limeziba, au choki haikurudishwa. Na sisi huku juu ziwani tunaathirika zaidi, kwa sababu ziwa letu liko karibu mita 1,134 kutoka usawa wa bahari na hewa ni nyepesi. Watengenezaji wenyewe wanasema kila mita 300 za kupanda injini inapoteza karibu asilimia 3.5 ya nguvu. Ukipiga hesabu, Mwanza inapoteza kama asilimia 13 hata ikiwa mpya. Kwa hiyo chujio likiwa chafu kidogo tu, moshi mweusi utauona. Lisafishe kwanza.

Moshi mweupe mwepesi wa asubuhi unaotoweka mara moja ni mvuke, achana nao. Moshi wa bluu wenye harufu ya kuunguza, huo ndio wa oili. Hata huo una sababu zake kadhaa.

Ya kwanza ni namna tunavyobeba pampu. Pampu inafungwa nyuma ya bodaboda imelala ubavu, au inatupwa ndani ya mtumbwi kichwa chini. Oili inapita kwenye pistoni, inaingia chumba cha moto na hata kwenye chujio la hewa. Ukiwasha, moshi unafunika mwalo mzima, watu wanakucheka. Injini hiyo haina ugonjwa. Iache isimame wima, toa plagi uifute, vuta kamba mara kadhaa plagi ikiwa nje, safisha chujio, pima oili, washa. Moshi ukiisha na usirudi kesho yake, umepona bila gharama.

Ya pili ni oili kuzidi. Kuna watu hujaza kwa ukarimu. Pampu ikiwa imekaa sawa, oili ifike kwenye mdomo wa tundu la kujazia, basi. Ya tatu ni ule mpira mwembamba unaotoka kwenye tapeti kava kwenda kwenye chujio la hewa. Hapo injini inapumua. Njia hiyo ikiziba au kile kijani cha chuma kilichomo kikikwama, oili inasukumwa kwenda kwenye kabureta, na moshi wake unafanana kabisa na wa sili mbovu. Uchomoe mpira huo uutazame. Ukiwa umelowa oili chapachapa, anzia hapo.

Ya nne ni ringi za pistoni. Hapa ndipo pa kuwa mwangalifu, kwa kuwa kazi ya ringi ni kubwa na inataka kufungua injini yote. Ringi zikiisha, injini inatoa moshi wa bluu muda wote, na unazidi inapobeba mzigo, yaani inaposukuma maji mbali. Nguvu zimepungua, kuwasha ni taabu, na ile njia ya kupumulia inatema oili. Kuna kipimo cha zamani: vuta kamba usikie uzito wake, kisha mimina kijiko kimoja cha chai cha oili kwenye tundu la plagi, rudisha plagi, uvute tena. Ikiwa sasa kamba imekuwa nzito kuliko kwanza, ringi ndizo zilizochoka, maana oili imewasaidia kuziba. Isipobadilika, ringi hazina lawama sana.

Sili mbovu ina tabia yake. Pampu ililala usiku kucha, asubuhi ukiwasha inatoa wingu la bluu, halafu dakika mbili tatu moshi unapungua. Au injini ikiwa moto, iache ingurume polepole dakika tatu, kisha uongeze mafuta ghafla: inapiga wingu moja la bluu, halafu inasafika. Nguvu ziko vilevile, maji yanafika. Plagi ukiitoa ina masizi yenye unyevu wa oili. Na kila baada ya siku mbili unaongeza oili. Dalili hizo zikikutana, nenda kanunue sili.

Dukani usiseme tu, nipe sili ya pampu. Chukua namba ya injini, iliyogongwa ubavuni, na ukiweza subiri mpaka umetoa sili ya zamani uende nayo. Sili ya Honda na ya 168F zinafanana kwa macho lakini si zote zinazoingiliana. Iliyo kubwa kidogo itacheza kwenye kibomba, iliyo ndogo itapasuka. Tazama kile kispringi chembamba kama uzi kinachozunguka mdomo wa sili, kama aina yako inacho. Kiwepo na kikae sawa. Bonyeza mpira kwa kucha: uwe laini na urudi wenyewe. Wauzaji wengine wana sili zilizokaa dirishani juani miaka, zimezeeka kabla ya kuvaliwa.

Na hapa niseme jambo ambalo wengine hawatalipenda. Sili haikatwi kutoka kwenye tyubu ya baiskeli wala kwenye ndala. Mpira wa namna hiyo hauvumilii petroli na oili. Unavimba, unalainika, halafu vipande vyake vinaanguka kwenye oili. Ni ujanja wa siku moja unaoleta hasara ya mwaka.

Kwa kazi yenyewe unahitaji spana namba 10 na ya 14, spana ya plagi, koleo, bisibisi, brashi kuukuu, vitambaa safi, sinia, na kamba safi ya nailoni yenye unene wa milimita 6 hivi, ile ile wavuvi wanayofungia nyavu, urefu wa mita moja na nusu. Kamba? Ndiyo, kamba. Ndiyo siri ya kazi hii kufanyika nyumbani bila kufungua hedi. Ukipata kile kipimo cha majani ya chuma, filagegi, azima. Fanya kazi mchana, mahali pasipo upepo wala mchanga. Usifanye usiku kwa kibatari. Petroli na kibatari havikai pamoja.

Injini iwe imepoa kabisa. Funga koki ya petroli, chomoa waya wa plagi. Osha na kupiga brashi sehemu yote ya kuzunguka tapeti kava kabla ya kufungua boti hata moja, kwa kuwa punje ya mchanga wa ziwa ikiingia humo inasaga chuma kama jiwe la kusagia. Toa plagi. Halafu fungua mfuniko wa kamba ya kuwashia, ule wenye boti tatu. Watu wengi wanaruka hatua hii. Kamba ya kuwashia inazungusha injini upande mmoja tu, na baadaye utahitaji kuirudisha nyuma kwa mkono. Usipofungua mfuniko huo mapema, utakwama katikati ya kazi.

Sasa fungua tapeti kava. Weka sinia chini, oili kidogo itadondoka. Utaona roka mbili, kama mabembea mawili madogo, kila moja inasukumwa na fito moja na yenyewe inasukuma valvu. Zungusha injini kwa mkono mpaka roka zote mbili zicheze kidogo ukizitikisa. Maana yake valvu zote mbili zimefunga. Legeza nati ndogo ya juu kwa spana namba 10, kisha ile kubwa ya chini yake, toa roka, vuta fito. Vya upande wa kabureta viweke peke yake, vya upande wa ekzosti peke yake, juu ya kitambaa, kila kimoja kirudi mahali pake. Angalia ncha ya valvu ya kutoa moshi: injini nyingi zina kikofia kidogo cha chuma hapo juu. Kinaanguka kwa urahisi na kinapotea majanini. Kitoe sasa hivi, ukiweke na vyenzake.

Ndipo tunafika kwenye kamba. Zungusha injini kwa mkono, pistoni ishuke chini. Piga fundo mwisho mmoja wa kamba, na mwisho wa pili uchome kwa moto kidogo usifumuke. Ingiza mwisho huo usio na fundo kwenye tundu la plagi, uendelee kuisokomeza mpaka ikatae, lakini fundo libaki nje. Zungusha tena kwa mkono, taratibu, pistoni ipande. Itafika mahali itasimama kwa ulaini, kama mtu aliyekanyaga godoro. Hiyo kamba sasa imebanwa kati ya pistoni na valvu, na valvu haziwezi kuanguka ndani. Usitumie chuma wala mti kufanya kazi hiyo, utatoboa pistoni. Na usifungue springi hata moja kabla kamba haijabanwa, maana valvu ikizama ndani ya silinda, hapo itakubidi ufungue hedi, na gasketi mpya itatakiwa.

Juu ya springi kuna kisahani chenye tundu lenye umbo la tundu la ufunguo: upande mmoja pana, upande mwingine jembamba. Bonyeza kisahani chini kwa vidole gumba viwili, kisukume kando mpaka mguu wa valvu uingie kwenye upande mpana, nacho kitatoka. Kinahitaji nguvu kidogo, si zaidi ya mkono wa kawaida. Anza na valvu ya kuingiza, malizana nayo, ndipo uguse nyingine kama nayo ina sili. Usifungue zote mbili kwa pamoja.

Springi ikitoka, utaiona sili imevaa juu ya kibomba. Ishike kwa koleo, zungusha kushoto na kulia huku ukivuta juu. Usiwe na haraka na koleo lisikwaruze kibomba wala mguu wa valvu. Ya zamani mara nyingi itavunjikia mkononi kama biskuti, na hapo mashaka yako yote yanakwisha.

Kabla ya kuvisha mpya, kuna kipimo kimoja ambacho usikiache. Zungushia mpira mwembamba wa tyubu kwenye ncha ya mguu wa valvu, uukaze, ili valvu isiweze kuzama. Halafu rudisha injini nyuma kidogo kwa mkono kamba ilegee, shusha valvu milimita chache, uitikise kando kwa kando. Mtikisiko mdogo sana unaruhusiwa. Ikicheza kama jino bovu, kibomba kimelika, na sili mpya haitadumu, kwa kuwa mguu wa valvu utakuwa unaipiga huku na huku. Kazi ya kubadili kibomba inataka karakana yenye mashine. Zipo mjini Mwanza, na mafundi wa SIDO au walimu wa VETA wanaweza kukuelekeza. Kwa wenzetu wa Sengerema na Buchosa, safari hiyo imekuwa fupi tangu daraja la Kigongo hadi Busisi lilipofunguliwa mwaka 2025. Pampu inafungwa kwenye bodaboda asubuhi bila kungoja kivuko. Lakini wima, tafadhali, si ubavu.

Ikiwa mtikisiko ni mdogo, pandisha valvu, kaza tena kamba, ondoa ule mpira wa tyubu. Futa mguu wa valvu. Karibu na ncha kuna mfereji wenye makali, na makali hayo ndiyo yanayokata sili mpya siku ileile ya kuivisha. Basi kata kipande cha plastiki laini, kama cha mfuko wa sukari, ufunike ncha, upake oili safi kila mahali, kisha uteremshe sili juu ya plastiki kwa kidole. Ikishapita mfereji, vuta plastiki itoke. Isukume sili mpaka ikae barabara juu ya kibomba. Ukiwa na soketi yenye mdomo unaolingana nayo, bonyeza kwa hiyo kwa mkono. Usigonge kwa nyundo.

Rudisha springi na kisahani. Kisahani kikiwa kimekaa, gonga ncha ya valvu mara moja kwa mpini wa bisibisi, kwa upole, kuhakikisha hakirushwi. Kikitaka kuruka, bora kiruke sasa kuliko injini ikiwa katika mzunguko wa 3,000 kwa dakika. Zungusha injini nyuma kwa mkono, chomoa kamba, uitazame kama imetoka nzima. Uzi wowote uliobaki ndani uutoe.

Weka fito, ziingie kwenye vikombe vyake chini. Usisahau kile kikofia. Weka roka. Sasa inabidi kupima nafasi, na watu wengi kazi yao inaharibikia hapa. Kwanza tafuta tena mahali ambapo valvu zote mbili zimefunga: ziba tundu la plagi kwa kidole gumba, zungusha injini kwenda mbele, na hewa ikianza kusukuma kidole chako, endelea mpaka pistoni ifike juu kabisa. Hapo, injini ikiwa baridi, kati ya roka na ncha ya valvu iwepo nafasi ya milimita 0.15 upande wa kuingiza na milimita 0.20 upande wa kutoa moshi. Ndivyo ilivyo kwa GX160. Kama pampu yako ina kitabu chake, fuata kitabu. Jani la filagegi lipite kwa kusuguasugua, si kwa kulegea wala kwa kulazimisha. Shikilia nati kubwa kwa spana namba 14 huku ukikaza ndogo, kisha pima tena, kwa kuwa kukaza kunabadilisha kipimo. Zungusha injini mizunguko miwili kamili, upime mara ya tatu.

Huna filagegi? Karatasi ya kawaida ya kuchapia ina unene wa karibu milimita 0.1, lakini huko ni kukisia. Nafasi ikiwa ndogo mno, valvu haifungi vizuri na inaungua. Heri kungoja mpaka kesho ukaazime kwa fundi wa pikipiki.

Futa gasketi ya tapeti kava, kama haijachanika itafaa. Wale wapenda silikoni waweke kidogo tu, maana inayozidi inaminywa ndani na kukatika vipande. Rudisha mfuniko wa kamba. Plagi ianze kuingia kwa vidole kabla ya spana. Hedi ni ya alumini, na nyuzi zake zikishaharibika ni kilio. Mwaga oili ya zamani, weka mpya, 10W-30, au 30 kavu kwa joto letu.

Ukiwasha, moshi wa bluu utauona tena. Usivunjike moyo wala usimtukane muuza duka. Hiyo ni oili ya zamani iliyolala kwenye ekzosti, inaungua dakika kumi au robo saa. Fanya hivyo nje, si ndani ya banda, kwa kuwa hewa ya ekzosti inaua mtu bila kunusa chochote. Baada ya saa kumi za kazi, pima oili pampu ikiwa imekaa sawa. Ikiwa imeshuka kidogo tu au haikushuka, kazi imekubali. Ikiwa imeshuka kama kwanza, rudi kwenye habari ya ringi.

Sili ya pili utaichelewesha kwa njia mbili kubwa. Moja ni oili: badilisha baada ya saa 20 za kwanza injini ikiwa mpya, na baadaye kila saa 100 au miezi sita. Anayemwagilia saa nne kila siku anafikisha saa 100 katika siku 25, kwa hiyo usingoje miezi sita. Nyingine ni joto. Injini hii inapozwa na upepo wa feni yake yenyewe. Nyasi, tope na hasa wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopanda juu ya maji kama moshi, wanavutwa na feni na kukaangwa kwenye mapezi ya silinda mpaka wanakuwa ganda. Ganda hilo ni kama blanketi. Fungua mfuniko wa feni ulipige brashi kila mwezi, na msimu wa wadudu hao kila wiki.

Imebaki ile oili chafu iliyo kwenye sinia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Bustani yako naamini iko nje ya mpaka huo. Lakini pampu hizi hazivuti maji kutoka kimo cha zaidi ya mita 7 au 8, kwa hiyo yenyewe lazima isogee karibu na maji wakati wa kazi. Isiwe sababu ya kuitengenezea palepale. Ibebe mpaka nyumbani. Oili iliyotoka weka kwenye dumu lenye kifuniko. Wako watu wanaoipaka kwenye nguzo za uzio zisiliwe na mchwa, na mafundi wa gereji huikusanya pia. Maji hayo unayomwagilia ndiyo watoto wa mwaloni wanayochota kunywa.

Mwenye pampu ya dizeli avute subira. Dizeli ina springi kali zaidi na mambo yake mengine, na njia ya kamba haifai kila mara. Hiyo tutaizungumza siku nyingine. Kwa leo naishia hapa, ndugu mkulima.